Sentensi Moja ya Kemia: Uhakiki wa Lugha ya Kukokotoa Kiasi Kinachopatikana katika Uziduaji

1. Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuchukua shairi, utenzi, riwaya au tamthilia na kuipima neno kwa neno. Sentensi ya kitabu cha sayansi haipewi heshima hiyo. Hudhaniwa kwamba sentensi ya namna hiyo ama ni ya kweli ama si ya kweli, na kwamba baada ya hapo hakuna la kuhakiki. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo ni potofu. Sentensi ya sayansi inaweza kuwa sanifu katika sarufi, ikawa na istilahi zilizokubaliwa, ikawa hata ya kweli kwa anayeijua maana yake tangu zamani, lakini ikamwongoza vibaya mtu anayejaribu kufanya hesabu kwa kuitegemea.

Sentensi inayochunguzwa hapa ni ile ambayo huzuka, kwa maneno haya au yanayokaribiana nayo, kila kanuni ya mgawanyo inapotakiwa kuelezwa kwa Kiswahili: «Kimumunywa hugawanyika kati ya vimiminika viwili kwa uwiano usiobadilika, kwa hiyo kizigeu cha mgawanyo kikijulikana, kiasi kinachopatikana hukokotolewa.» Ni sentensi fupi, haina kosa la upatanisho wa ngeli, na inasikika vizuri. Swali ni moja tu: je, mwanafunzi aliyepewa sentensi hiyo, pamoja na namba zake, anaweza kupata jibu lililo sawa?

Swali hilo si la anasa katika Katanga. Katika Chuo Kikuu somo hutolewa kwa Kifaransa, na mwanafunzi huandika «coefficient de partage» katika daftari lake. Lakini anapotoka darasani kwenda kumweleza mwenzake, na baadaye anapoingia kiwandani kuzungumza na wafanyakazi, lugha ya maelezo mara nyingi ni Kiswahili. Hapo ndipo sentensi hutiwa mizani.

2. Chimbuko la kanuni

Kanuni yenyewe ina historia inayojulikana. Mwaka 1872 Berthelot na Jungfleisch walichapisha uchunguzi wao juu ya namna kitu kimoja kinavyojigawa baina ya vimiminika viwili visivyochanganyika. Mwaka 1891 Walther Nernst aliipa kanuni hiyo umbo lililo kamili zaidi. Alibainisha kwamba uwiano haubadiliki pale tu ambapo kitu kilichomumunyika kina umbo lile lile la molekuli katika matabaka yote mawili. Sharti hilo ndilo moyo wa kazi ya Nernst. Ni jambo la kustaajabisha kwamba katika sentensi inayohakikiwa limeachwa kabisa, na nafasi yake imechukuliwa na neno moja, «usiobadilika», kana kwamba kanuni haina sharti lolote.

Katika madini ya shaba, uziduaji wa kimiminika kwa kimiminika ulianza kutumiwa kibiashara huko Arizona, Marekani, mwaka 1968. Mwaka 1974 kiwanda kikubwa cha aina hiyo kilianza kazi Chingola, Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wa Katanga. Katika Katanga yenyewe, njia hiyo imeenea hasa tangu Tenke Fungurume ilipotoa shaba yake ya kwanza mwaka 2009. Kwa hiyo kanuni ya mgawanyo, iliyokuwa somo la maabara, sasa ni kazi ya kila siku ya mamia ya watu wanaozungumza Kiswahili.

3. Kuyeyuka, kumumunyika na kuzidua

Uhakiki unaanza na kitenzi. Waandishi wengi hutumia «kuyeyuka» kwa mambo mawili: kitu kigumu kugeuka kimiminika kwa joto, na kitu kupotelea ndani ya maji kama sukari katika chai. Katika mazungumzo ya kawaida jambo hilo halina madhara. Lubumbashi, hata hivyo, ni mji uliojengwa kando ya tanuri. Shaba ya kwanza iliyeyushwa hapo mwaka 1911, na tangu siku hizo kuyeyusha shaba ni kazi ya moto. Huko Likasi, katika kiwanda cha Shituru kilichoanza mwaka 1929, shaba haikuyeyushwa kwanza kwa moto. Madini yalitiwa katika asidi ya salfa, kisha shaba ikatolewa kwa umeme. Mwandishi anayesema kwamba madini «yameyeyushwa» Likasi na «yameyeyushwa» Lubumbashi ametumia neno moja kwa kazi mbili zisizofanana hata kwa harufu. Kitenzi «kumumunyika», pamoja na watoto wake «mmumunyo», «kimumunywa» na «kimumunyishi», kinaondoa utata huo. Atakayesema kwamba ni neno la vitabuni akumbuke kwamba kila mtoto anajua kumumunya peremende.

Neno «uziduaji» nalo lina tatizo lake, ingawa haliwezi kuachwa. Limekwisha kuzoeleka kwa maana ya kutoa mali ardhini: machimbo, mafuta, gesi. Katika kemia linatakiwa kumaanisha kuvuta kitu kutoka kimiminika kimoja hadi kingine. Mahali pengine maana hizi mbili hazikutani. Kolwezi na Tenke hukutana ndani ya ua mmoja: jiwe huziduliwa kutoka shimoni, na baadaye shaba iliyomo huziduliwa kutoka katika maji ya asidi. Ripoti inayosema kwamba «uziduaji umefikia asilimia 90» bila kutaja uziduaji wa nini kutoka katika nini haijasema kitu. Dawa si kubuni neno jipya. Dawa ni kulazimisha kitenzi kibebe viambajengo vyake vyote: kuzidua shaba, kutoka katika maji, kwa kimumunyishi.

Kosa dogo la jamaa hiyo hiyo ni kuliita tabaka la kimumunyishi «tabaka la juu». Etha huelea juu ya maji, na mafuta ya aina ya mafuta ya taa yanayotumiwa katika viwanda vya shaba huelea pia. Lakini klorofomu na diklorometani ni nzito kuliko maji, hushuka chini. Mwanafunzi aliyefundishwa kuhifadhi «tabaka la juu» atahifadhi maji na kumwaga alichokuwa anakitafuta. Tabaka liitwe kwa kilichomo, si kwa mahali lilipo.

4. Mgawanyo wa nini?

Sasa inafikiwa nafsi ya sentensi: «hugawanyika kati ya vimiminika viwili kwa uwiano». Tuseme kizigeu ni 4. Msomaji wa Kiswahili, akisikia kwamba kitu kimegawanywa kwa uwiano wa 4 kwa 1, ataelewa kama anavyoelewa urithi au mgawo wa unga: mafungu manne huku, fungu moja kule. Atajibu kwamba asilimia 80 imepatikana. Jibu hilo ni sahihi mara moja tu, pale ujazo wa kimumunyishi unapolingana na ujazo wa maji. Katika hali nyingine zote ni kosa, na sentensi ndiyo iliyomkosesha.

Kinachogawanywa kwa uwiano wa 4 kwa 1 si kiasi, bali ni ukolezi. Kiswahili kina uwezo kamili wa kutofautisha mambo haya. Mpishi anajua kwamba chumvi iliyokolea katika kikombe cha mchuzi inaweza kuwa chache kuliko chumvi isiyokolea katika sufuria zima. Mfano wa karamu hufaa zaidi. Nyumba mbili zinagawana unga wa gunia moja kwa kanuni hii: kila mlaji wa nyumba ya kwanza apate vikombe 4 pale ambapo kila mlaji wa nyumba ya pili anapata 1. Kanuni haijasema unga kiasi gani utaingia nyumba ya kwanza, mpaka ijulikane kila nyumba ina walaji wangapi. Kizigeu ni sehemu ya kila mlaji. Ujazo ni idadi ya walaji.

Namba zinathibitisha. Chukua mililita 100 za maji zenye gramu 1 ya kimumunywa, na kizigeu cha 4. Sehemu inayobaki katika maji baada ya mchanganyo mmoja hupatikana kwa kuugawanya ujazo wa maji kwa jumla ya ujazo wa maji na ujazo wa kimumunyishi uliozidishwa kwa kizigeu. Kwa mililita 100 za kimumunyishi inabaki 100 kwa 500, yaani asilimia 20. Asilimia 80 imevuka. Kwa mililita 50 inabaki 100 kwa 300. Imevuka asilimia 66.7. Kwa mililita 25 inabaki 100 kwa 200. Imevuka nusu tu. Kizigeu ni kile kile mara zote tatu.

Sentensi inaficha pia jambo la pili lenye faida kubwa. Mililita 100 zile zile zikitumiwa mara mbili, 50 kwa kila mara, kinachobaki ni theluthi ya theluthi, yaani asilimia 11.1, na asilimia 88.9 imevuka. Zikitumiwa mara nne, 25 kwa kila mara, kinachobaki ni nusu ya nusu ya nusu ya nusu, asilimia 6.25, imevuka asilimia 93.75. Mtu asidhani kwamba kwa kukata vipande vidogo zaidi na zaidi atafikia asilimia 100: kwa kizigeu hiki na ujazo huu, hata vipande visivyo na idadi vitaacha karibu asilimia 1.8 katika maji. Neno «hukokotolewa», katika kauli yake ya kutendwa, limefunika tendo lote la kurudia. Hakuna anayechanganya, anayetenganisha, wala anayeanza upya.

Viwandani hufanywa jambo la tatu: maji na kimumunyishi hutembea kwa mikondo inayopishana, ili kimumunyishi kipya kikutane na maji yaliyokwisha kunyonywa, na maji mapya yakutane na kimumunyishi kilichokwisha kubeba. Kwa hatua mbili tu, na mililita 100 zile zile kwa mililita 100 za maji, kinachobaki ni 1 kwa 21, yaani asilimia 4.8, badala ya asilimia 11.1. Inafaa kuangaliwa kwamba hapa Kiswahili hakihitaji kuazima chochote. Mnyambuliko wa kutendana, «kupishana», umekwisha kusema kinachotokea. Mnyambuliko huo huo ungeiokoa sentensi yetu: si kwamba kimumunywa «hugawanyika», kana kwamba kinajikata chenyewe, bali vimiminika viwili «hukigawana», kila kimoja kwa uwezo wake na kwa ukubwa wake.

Lipo pia neno «kati ya». Ni neno lisilo na upande: kati ya maji na klorofomu ni sawa na kati ya klorofomu na maji. Uwiano hauko hivyo. Kizigeu cha 4, kikihesabiwa kutoka upande wa pili, ni 0.25, na anayekigeuza bila kujua, kwa ujazo ulio sawa, atapata asilimia 20 badala ya 80. Inapasa kusemwa waziwazi ni ukolezi upi unaogawanywa kwa upi.

5. Uwiano usiobadilika

Neno «usiobadilika» lina kasoro ya kuwa kweli nusu. Istilahi yenyewe, «kizigeu», humfanya msikilizaji asikie «-geu» ndani yake, na huenda sikio hilo likawa na hekima kuliko sentensi. Uwiano haubadiliki ikiwa joto halibadiliki, ikiwa mmumunyo ni hafifu, na ikiwa kimumunywa hakigeuzi umbo. Asidi ya benzoiki inaonyesha. Katika benzini molekuli zake hushikana mbili mbili. Katika maji sehemu yake huachana na kuwa ioni. Anayepima jumla ya asidi katika kila tabaka hatapata namba moja, ataona uwiano ukipanda na kushuka.

Kwa hiyo wataalamu hutofautisha vitu viwili ambavyo Kiswahili cha makala nyingi hukiita kimoja. Kuna kizigeu halisi, kinachohusu umbo moja la molekuli; na kuna uwiano wa mgawanyo, unaohusu jumla ya kimumunywa katika maumbo yake yote. Cha kwanza hakibadiliki katika masharti yaliyotajwa. Cha pili hubadilika, na aghalabu hicho ndicho kinachohitajika katika hesabu ya kinachopatikana. Tofauti si ya wapenda vitenzawili. Ikiwa asidi dhaifu ina kizigeu cha 4, na pH ya maji inalingana na pKa ya asidi hiyo, nusu ya asidi iliyomo majini ni ioni isiyovuka, na uwiano wa mgawanyo ni 2. Ujazo ukiwa sawa, huvuka asilimia 66.7, si 80. pH ikipanda kwa 1, uwiano hushuka hadi 0.36 na huvuka asilimia 26.7. Ikipanda kwa 2, huvuka chini ya asilimia 4. Penisilini huzalishwa kwa kutumia jambo hili hili: huvutwa kutoka katika maji yaliyotiwa asidi hadi katika kimumunyishi, kisha hurudishwa katika maji ambayo asidi yake imeondolewa.

Shaba hufuata njia kama hiyo. Kimumunyishi cha viwandani hubeba kemikali ambayo huikamata ioni ya shaba na kuachia ioni mbili za haidrojeni. Kwa sababu ni mbili, uwiano wa mgawanyo hufuata mraba: pH ikipanda kwa 1, huku kemikali iliyo huru ikibaki kiasi kile kile, uwiano huongezeka mara 100. Ndiyo maana shaba huvuka kwenda katika mafuta pH inapokuwa karibu na 2, na hurudi katika maji mafuta yanapokutana na asidi kali. Kama uwiano ungekuwa kweli «usiobadilika», shaba ingeingia katika mafuta na isitoke tena. Kiwanda kizima kinasimama juu ya kubadilika kwa kile ambacho sentensi inakiita kisichobadilika.

6. Kinachovuka na kinachopatikana

Linabaki neno la mwisho, «kinachopatikana». Ni neno zuri la sokoni: sukari inapatikana, mafuta hayapatikani. Katika hesabu halina mguu wa kusimamia. Limepatikana nini, kwa nani, na kwa kulinganisha na nini? Kimumunywa kilichomo ndani ya kimumunyishi kimevuka, lakini bado hakijapatikana. Kinapaswa kutolewa humo. Maabarani, ikiwa asilimia 90 imevuka na asilimia 95 ya hiyo imerudishwa, kilichopatikana ni asilimia 85.5 ya kile cha mwanzo. Anayetangaza 90 au 95 amesema ukweli wa hatua moja na kuufanya uwe ukweli wa kazi yote.

Kiwandani kuzidisha huko nako hakufai moja kwa moja, kwa sababu mafuta huzunguka. Shaba ambayo haikutoka katika asidi kali haipotei. Hurudi pamoja na mafuta kwenye hatua ya kwanza, na hupunguza nafasi ya shaba mpya. Hasara halisi imo katika maji yanayotoka yakiwa bado na shaba, na katika mafuta yanayochukuliwa na maji hayo. Maneno matatu ya kawaida yanatosha kuyapanga yote haya: kilichovuka, kilichorudi, kilichopatikana. Maneno hayo yako mdomoni mwa kila mvuvi na kila mwendesha mtumbwi. Hakuna kamati inayopaswa kuyaidhinisha.

7. Hitimisho

Mjadala wa Kiswahili cha sayansi umejikita kwa miaka mingi katika istilahi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ni tunda la juhudi hiyo, na hakuna anayeweza kuibeza. Uchunguzi huu unaonyesha lakini kwamba istilahi si mwisho wa safari. Sentensi iliyohakikiwa haikukosa istilahi hata moja. Ilikosa viambajengo vya kitenzi, masharti na mwelekeo. Ikachanganya ukolezi na kiasi, na kuvuka na kupatikana. Wanaosema Kiswahili hakiwezi kubeba kemia wamekosea, kwa kuwa kila kilichokosekana kilikuwamo katika lugha. Wanaosema inatosha kutafsiri maneno wamekosea pia, kwa kuwa maneno yalikuwa yametafsiriwa.

Huenda ikajibiwa kwamba fomula haina lugha, na kwamba mwanafunzi atajiokoa kwa herufi na namba. Jibu hilo halitoshi. Fomula haimwambii ni ujazo upi uwekwe juu na upi chini, wala ni kizigeu kipi kinachofaa. Anayemwambia ni sentensi iliyoitangulia.

Sentensi hiyo ingeweza kuandikwa hivi: «Kwa joto lisilobadilika, na katika mimumunyo hafifu ambamo kimumunywa kina umbo lile lile la molekuli, vimiminika viwili visivyochanganyika hukigawana kimumunywa mpaka ukolezi wake katika kimumunyishi, ukigawanywa kwa ukolezi wake katika maji, uwe namba moja maalumu, namba hiyo, ikizidishwa kwa ujazo wa kimumunyishi na kugawanywa kwa ujazo wa maji, hutoa uwiano wa kiasi kilichovuka kwa kiasi kilichobaki.» Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na haisikiki vizuri kama ile. Lakini mwanafunzi akipewa maji mililita 100, kimumunyishi mililita 25 na kizigeu cha 4, atajibu kwamba nusu imevuka, na jibu lake litakuwa sahihi.